Tuhesabu Kabla ya Kuchimba Msingi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, ofisa mipango katika halmashauri ya wilaya, na kazi yangu ya mchana mnaijua: makaratasi, bajeti na vikao. Nimeona afadhali niwaeleze kazi ninayoifanya jioni na siku za Jumapili, ambayo hainipatii hata senti moja, lakini imenifundisha mengi juu ya kupanga. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa la parokia yetu. Najua kwamba humu si wote Wakatoliki. Lakini mwenye kujenga msikiti, zahanati ya kijiji au shule ya kata atakuta hesabu ni ileile.

Haja ya kanisa jipya kwetu haina ubishi. Lile la zamani lilijengwa wakati waumini walikuwa wachache. Leo Jumapili watu wengi husali wamesimama nje, na mvua ikinyesha akina mama hukimbilia chini ya miti na watoto mgongoni. Ubishi wetu ulikuwa juu ya namna ya kulijenga, na hapo parokia iligawanyika sehemu mbili. Wa kwanza walisema, haba na haba hujaza kibaba. Tukusanye fedha mpaka zitoshe, ndipo tuanze. Wa pili walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo; tuchimbe msingi kesho, na Mungu atafungua njia. Ndugu zangu, kila upande ulikuwa na methali yake, lakini hakuna upande uliokuwa na hesabu.

Vijana wa Kidato cha Tatu, naomba mshike kalamu. Tuchukue parokia ya mfano tu, yenye familia 600. Kila familia imeahidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, yaani 36,000,000 kwa mwaka. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukusanya michango anajua kwamba ahadi si fedha. Kuna misiba, kuna ada za watoto, kuna mwaka wa ukame. Tuseme theluthi moja haitapatikana. Zinabaki shilingi 24,000,000 kwa mwaka. Kanisa limekadiriwa kugharimu shilingi 360,000,000. Mkigawanya mtapata miaka 15. Ni mingi, lakini mtu mvumilivu atasema inawezekana.

Sasa ongezeni jambo moja tu. Tuseme bei ya saruji, nondo, mabati na ujira wa mafundi inapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, michango inabaki ileile, na fedha zimekaa bila kuzaa faida. Mwaka wa kwanza mmekusanya milioni 24, lakini kanisa lenyewe limepanda bei kwa milioni 18. Mmesogea milioni 6 tu. Endeleeni na hesabu hiyo mpaka mwaka wa 10. Mmekusanya milioni 240, na kanisa sasa linahitaji milioni 586. Pengo lililobaki ni milioni 346. Mlianza na pengo la milioni 360! Miaka 10 ya jasho la watu imepunguza pengo kwa milioni 14. Na mwaka wa 15, siku mnayotimiza zile milioni 360 mlizokuwa mkizitafuta, kanisa limefika milioni 748. Ni kweli kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini itakuwaje kibaba chenyewe kikipanuka kila mwaka?

Wale wa upande wa pili waliposikia hayo walifurahi sana. Wakasema, basi tusiweke fedha, tununue mawe na matofali tuanze. Nao hawakuwa wameona mwisho wa safari. Ndugu Mwenyekiti, msingi na kuta hukubali kujengwa kidogo kidogo. Leo tripu mbili za mchanga, kesho mifuko kumi ya saruji, Jumamosi msaragambo wa kubeba mawe. Paa halikubali hivyo. Huwezi kuezeka robo ya kanisa kwa fedha ya robo ya mabati ukaiacha hivyo masika. Paa hudai fedha nyingi kwa mara moja, na linazidai wakati watu wamekwisha choka. Ndiyo maana katika nchi yetu mnapita barabarani mkaona kuta zimefika kwenye linta, zimesimama miaka na miaka, na ndani yake pameota mpapai. Mvua inakula vichwa vya kuta, nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na fedha za watu zinaoza hadharani.

Tena upana wa paa una hila yake. Wengi hudhani kwamba paa la upana wa mita 18 ni lile la mita 12 lililoongezwa nusu. Sivyo. Mzigo ukiwa sawa kwa kila mita, nguvu inayoipinda boriti huongezeka kwa mraba wa upana. Gawanyeni 18 kwa 12 mpate 1.5, kisha zidisheni 1.5 kwa 1.5. Jibu ni 2.25. Yaani boriti itapindwa kwa nguvu iliyozidi mara mbili, na chuma au mbao za kuistahimili lazima zilipiwe. Kwa hiyo swali la ukubwa wa kanisa si la heshima tu. Kanisa la watu 600 lenye Misa tatu za Jumapili huhudumia watu 1,800. Kanisa la kuwaketisha watu 1,800 kwa mara moja litakaa karibu tupu siku sita za juma.

Tulipeleka hesabu hizi katika kikao cha Halmashauri ya Walei pamoja na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Mjadala ulikuwa mkali, na mchoro wa kanisa kubwa lenye minara miwili ulikuwa umebandikwa ukutani, unapendeza. Ndipo bibi mmoja mjane, ambaye kila Jumapili huleta mayai ya mnada wa ujenzi, akasimama akauliza: "Wanangu, humo mimi nitaingia kwa miguu yangu, au mtaniingiza nimebebwa?" Kikao kilinyamaza. Nadhani kila mtu alikuwa akihesabu umri wake mwenyewe.

Tokea siku ile tulitafuta njia ya tatu, nayo ni kujenga kwa awamu, kila awamu iwe kitu kizima kinachotumika. Turudi kwenye parokia yetu ya mfano. Chukueni awamu yenye thamani ya milioni 60 leo. Baada ya miaka 3, bei ikipanda kwa ile asilimia 5, itakuwa kama milioni 69 na nusu. Katika miaka hiyo 3 mtakuwa mmekusanya milioni 72. Mmeshinda, na zimebaki milioni 2 na nusu. Sisemi kwamba awamu zilizobaki hazitapanda bei. Zitapanda. Lakini watu watakuwa tayari wanasali chini ya paa, wataona matunda ya sadaka yao, na ahadi zitapitiwa upya kila mwaka kadiri mapato na idadi ya familia inavyobadilika. Mtu aliyeona paa hutoa kwa moyo kuliko mtu anayeonyeshwa mchoro.

Basi mpango wetu ni huu. Awamu ya kwanza ni sehemu ya altare, sakristia na nusu ya kanisa, pamoja na paa lake, na nyuma tutaweka ukuta wa muda. Awamu ya pili ni kuuvunja ukuta huo na kurefusha kanisa. Mnara ni wa mwisho, na kengele itaning'inia kwenye nguzo mbili uwanjani mpaka hapo. Lakini michoro ya kihandisi imefanywa kwa jengo zima tangu mwanzo, ili sehemu mpya isije ikatitia na kupasua ile ya zamani.

Mzee mmoja, aliyechangia ng'ombe wawili, alikasirika. Alisema, "Mungu hajengewi nusu nusu." Nilimjibu kwa heshima kwamba hata wakubwa wamefanya hivyo. Kanisa kuu la Köln, Ujerumani, lilianza kujengwa mwaka 1248. Sehemu ya altare ilikamilika kwanza, ikawekwa wakfu mwaka 1322, na ukuta wa muda ukaifunga kwa nyuma. Baadaye ujenzi ulisimama kwa karne kadhaa, na mtambo wa kunyanyulia mawe ukabaki juu ya mnara usiokwisha. Kazi ilianza tena mwaka 1842, ikakamilika mwaka 1880. Karibu miaka yote hiyo ya katikati watu walisali, kwa sababu kipande cha kwanza kilikuwa kizima. Mzee yule hajakubali mpaka leo. Lakini ng'ombe wake hakuwarudisha.

Kuna wanaodhani kwamba hesabu ni upungufu wa imani. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu mwenyewe anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kukaa kwanza na kupiga hesabu ya gharama, asije akachekwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1215, inasema kanisa lisijengwe bila idhini ya Askofu kwa maandishi, na Askofu asiitoe mpaka aone kwamba njia za kulijenga na za kuendesha ibada hazitapungua. Kanuni ya 1216 inataka ushauri wa wataalamu. Kwa hiyo anayeuliza "fedha zitatoka wapi?" anatimiza wajibu, wala hana haja ya kuona haya.

Juu ya wataalamu, nina neno kwa ndugu zangu wenye vyeo. Wengi wetu tukirudi nyumbani hupenda kuchora majengo kwenye karatasi ya daftari, kwa kuwa tumesoma. Tuache. Kwanza ihakikishwe ardhi: hati iwe na jina la wadhamini wa jimbo, isiwe na jina la mzee aliyeitoa, maana akifariki warithi wake watakuja. Kisha udongo uchimbwe na kupimwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, umeangusha majengo yaliyokuwa na kuta nzuri sana. Halafu mbunifu majengo, mhandisi na mkadiriaji majenzi waliosajiliwa, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na mkandarasi aliyesajiliwa. Gharama yao ipo, na watu hunung'unika kwamba fedha zimeisha kabla ya tofali la kwanza. Waelezeni kwamba kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa raba, na kosa la kwenye zege hufutwa kwa nyundo.

La mwisho ni uaminifu. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kwetu fedha za ujenzi zina akaunti yake, na hazigusiki hata gari la parokia likiharibika. Kila mwezi hesabu hubandikwa mlangoni mwa kanisa: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Wakati tunashughulikia michoro, maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema kamati inakula fedha. Hatukugombana na mtu. Tuliwaonyesha karatasi mlangoni. Yule bibi wa mayai hajui kusoma, lakini kila mwezi humwambia mjukuu wake amsomee, na mayai yake yameandikwa mle kama walivyoandikwa wale ng'ombe wawili.

Ndugu Mwenyekiti, mwezi ujao tutafungua zabuni za awamu ya kwanza. Zikizidi fedha tulizo nazo, tutapunguza urefu wa kanisa kabla hatujaweka sahihi, maana hatutaki kuchimba msingi tusioweza kuufunika. Nanyi vijana, mtakapotoka hapa mtaitwa kwenye kamati za namna hii, kwa sababu vijijini kwetu mtu aliyesoma hukabidhiwa kalamu hata kabla hajaketi. Msikatae. Na mkisikia methali nzuri kikaoni, itikieni kwa furaha, kisha ombeni karatasi mpige hesabu.

Nikijaliwa kuja mwakani nitawaambia kama paa limepanda.