MPIGA PICHA WA SHUGHULI: TULIYOJIFUNZA
Mazungumzo ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi

  

Mambo ya hisa na mikopo mweka hazina ameshayasema. Sisi tumepewa dakika chache tuseme jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni mpiga picha wa shughuli zetu. Katika miaka hii 10 tumeozesha watoto wengi, na karibu kila harusi imegusa kisanduku chetu. Kwa hiyo fedha ya mpiga picha nayo ni jasho letu.

Mwaka wa nne mwenzetu mmoja, katika wale walioanzisha kikundi, alimwozesha bintiye. Kamati ikakaa: ukumbi, chakula, muziki, mapambo. Mpiga picha akawa wa mwisho. Tukamchukua kijana mmoja kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, tukampa shilingi 250,000 zote mkononi, bila karatasi. Siku yenyewe alichelewa. Betri ikamwishia kabla ya keki. Baada ya wiki mbili tukaambiwa kadi ya kamera imeharibika, picha hakuna. Tulilalamika, kisha tukasema basi, harusi imepita, watu wamekula.

Miezi 8 baadaye mama yule alifariki. Siku ya msiba ikatafutwa picha ya kuweka mezani, ikapatikana ile ya kitambulisho tu. Binti akatuuliza, "Hivi hakuna hata moja, mimi na mama siku ile?" Jamani, hatukuwa na la kumjibu. Za simu zilikuwepo tatu, za giza, mama anaonekana mgongo.

Toka hapo tulikubaliana mambo yafuatayo, na leo tunayarudia ili na walioingia juzi wayajue.

Kwanza, tusichague kwa picha 10 nzuri anazotuonyesha. Tumwombe za harusi moja nzima, toka asubuhi hadi usiku. Tutazame za ukumbini: je, uso wa bibi harusi unaonekana vizuri na shela jeupe nalo linaonekana nakshi zake? Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Pili, karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuandike saa ya kufika na ya kuondoka, nani atakayepiga, yeye mwenyewe au msaidizi wake, idadi ya picha, albamu, na tarehe ya kukabidhi. Malipo yawe kwa mafungu: sehemu mwanzo, sehemu siku ya shughuli, na iliyobaki tukipokea picha.

Tatu, tumuulize kama ana kamera ya pili, betri za akiba na kadi zaidi ya moja. Usiku uleule azihamishie picha kwenye kompyuta, na nakala nyingine aiweke mahali pengine.

Nne, tumpe orodha. Yeye hamjui bibi wala shangazi. Ateuliwe mtu mmoja wa ukoo asimame naye, na picha za familia zipigwe kabla ya chakula, wazee wasije wakachoka wakaondoka.

Tano, ruhusa. Shughuli za wanawake watupu tutafute mpiga picha mwanamke. Na picha zisiwekwe mitandaoni kutangazia biashara bila sisi kukubali, liandikwe hilo kwenye karatasi. Hata nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sita, tuchapishe. Simu huibwa, simu huvunjika kioo. Hata picha 10 tu za karatasi zitatosha kuwaonyesha wajukuu.

Nasi tuwe waungwana. Mpiga picha ni mtoto wa mtu, anasimama toka asubuhi. Apewe sahani ya chakula, na akitimiza kazi alipwe siku hiyohiyo bila kuzungushwa. Asiye na uwezo wa siku nzima achukue saa 3 tu, za ndoa na picha za familia. Wala tusikope kwa ajili ya picha; tuweke kidogo kidogo toka siku ya posa.

Leo mpiga picha mnamwona pale, na karatasi yake iko kwa katibu. Aliyesimama naye ameshika orodha ni yule binti, ambaye sasa ni mwanachama mwenzetu. Yeye ndiye aliyeomba kazi hiyo. Tukimaliza hapa atawaita kwa majina, wazee kwanza. Tafadhali akiita, asibaki mtu kwenye kiti akasema yeye hapendi picha. Anayezitaka ni mwanawe.