Pasaka, Watoto na Mbwa

 Natumaini kila mmoja ana penseli na daftari lake, maana leo tutahesabu kidogo. Mazungumzo yetu ni juu ya mchezo wa sikukuu ya Pasaka ambao watu wa Uingereza na Marekani huwachezesha mbwa wao. Najua wengine mtacheka. Chekeni tu, si vibaya. Lakini ndani ya mchezo huo mna sumu, na sumu hiyo ina ndugu zake katika vyungu na makopo ya huku kwetu. Tena, siku hizi wengi wenu mna mtoto au mjukuu anayekaa ng'ambo, naye hukutumieni picha za sikukuu kwa simu. Yafaa mjue mnachokiona.

Zamani Wakristo wa Ulaya walikuwa hawali mayai siku zote 40 za Kwaresima. Kuku hawakuwa na habari ya mfungo huo, wakaendelea kutaga. Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele, yakachemshwa, yakapakwa rangi, wakapewa watoto. Mwaka 1873 kampuni ya Fry ya mji wa Bristol, Uingereza, ilitengeneza yai la chokoleti, na mwaka 1875 kampuni ya Cadbury ikatengeneza lake. Basi ikawa desturi: wazazi huyaficha mayai hayo bustanini, chini ya majani na nyuma ya vyungu vya maua, na watoto huenda na vikapu kuyatafuta. Na kwa kuwa watu wa huko humhesabu mbwa kama mmoja wa jamaa wa nyumbani, wakaona si haki yeye aangalie tu. Wakamfichia vipande vya chakula ili naye atafute.

Kwa mbwa mchezo huu ni mzuri sana. Sisi twatafuta kwa macho; mbwa hutafuta kwa pua. Yakadiriwa kwamba puani mwake mna vipokea harufu mpaka milioni 300, na mwetu ni kama milioni 6. Robo saa ya kunusa humchosha na kumtuliza kuliko kubweka mchana kutwa mlangoni. Hatari si mchezo wenyewe. Hatari ni kwamba pua ile ile inayopata kipande cha nyama hulipata pia yai la chokoleti ambalo mtoto amelisahau chini ya jani.

Chokoleti hutengenezwa kwa kakao, mmea ule ule ulimwao na ndugu zetu wa Kyela. Ndani ya kakao mna kitu kiitwacho theobromini. Jina hilo limetoka katika jina la mti wenyewe, Theobroma, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni chakula cha miungu. Basi chakula hicho cha miungu si chakula cha mbwa. Mwili wa mtu huivunja theobromini upesi zaidi. Mwili wa mbwa huchukua muda mrefu zaidi, hata baada ya saa 17 nusu yake ingali imo. Moyo humwenda mbio, hutapika, hutetemeka, na ikizidi hupata kifafa na kufa. Wala msidhani pua yake itamwonya. Kwake yeye harufu ile ni tamu tu.

Sasa shikeni penseli. Mbwa huanza kuugua apatapo karibu miligramu 20 za theobromini kwa kila kilo moja ya uzito wake. Chokoleti ya maziwa ina karibu miligramu 2 katika kila gramu. Kwa hivyo gramu 10 za chokoleti ya maziwa kwa kila kilo ya mbwa zatosha kumletea maradhi. Mbwa mdogo wa kilo 5 atadhurika kwa gramu 50, yaani nusu ya kipande cha gramu 100 kiuzwacho dukani. Chokoleti nyeusi ni kali zaidi: gramu 1 yaweza kuwa na miligramu 5 au kupita, basi gramu 4 kwa kilo moja ni hatari. Mbwa mzee, au mwenye moyo dhaifu, huweza kuugua hata chini ya hapo.

Kwa ajili hiyo iko kanuni moja katika mchezo huu ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: watoto watangulie, mbwa afuate, na katikati yao pawe na hesabu. Anayeficha mayai ya watoto aandike idadi yake katika karatasi. Kama ameficha 24, mbwa asifunguliwe mpaka 24 yaonekane. Yakipatikana 23, mbwa akae ndani na watu wazima warudi kutafuta. Kutegemea kichwa hakufai. Siku ya sikukuu wageni huingia, chakula huiva, na kichwa husahau. Ikiwezekana, mbwa achezee upande mwingine kabisa wa uwanja. Na mtoto afundishwe kwamba hamgawii mbwa chokoleti yake hata kwa huruma.

Baada ya kuhesabu, kuna kusoma. Watu wengi humpa mbwa siagi ya karanga, na yenyewe haina ubaya. Lakini siku hizi viwanda vingine hutia humo sukari ya namna nyingine iitwayo zailitoli, ambayo hutiwa pia katika chingamu zisizo na sukari. Mtu haimdhuru. Mbwa, katika nusu saa tu, sukari ya damu yake huweza kushuka akaanguka, na baadaye ini likaharibika. Katika makopo ya Ulaya zailitoli huandikwa pengine kwa jina lake, pengine kwa alama ya E967. Iandikeni alama hiyo katika daftari zenu: E, tisa, sita, saba. Nimewasikia watu wakiuliza mzee wa miaka 60 atafanya nini na kusoma. Mojawapo ni hili: atageuza kopo, atasoma maandishi madogo ya nyuma, na akiiona alama hiyo atalirudisha rafuni.

Sasa tuje nyumbani. Huku kwetu mayai ya chokoleti si mengi, lakini Pasaka haipiti bila pilau, kuku na masufuria ya kukwangua. Vitunguu, viwe vibichi au vya kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Na kitunguu saumu ni vivyo hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma matumbo. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo zake. Kwa miaka mingi sababu ya zabibu haikujulikana. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani waliandika kwamba wanashuku asidi ya tatariki iliyomo ndani yake. Nanyi mnajua tunda jingine lenye asidi hiyo kwa wingi? Ni ukwaju. Basi maji ya ukwaju na masazo yake yasimwagwe mahali mbwa anapolamba. Na wenzetu wa Kenya mlimao makadamia, jueni kwamba njugu hizo humlegeza mbwa miguu ya nyuma.

Afichiwe nini basi? Nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi wala viungo, karoti, yai la kuku lililochemshwa na kukatwa. Kila kipande kisizidi ncha ya kidole chako. Vyote kwa jumla visipite sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku hiyo, na chakula chake cha kawaida kipunguzwe kwa kadiri hiyo. Kule Ulaya na Marekani wengine hutia vipande katika mayai ya plastiki. Mimi siyapendi. Mbwa mwenye pupa huyatafuna na kumeza vigae, na vigae vya plastiki huziba utumbo mpaka apasuliwe. Afadhali kukiacha kipande wazi kwenye nyasi. Huku kwetu usikifiche usiku kwa ajili ya asubuhi: sisimizi watakuwa wameshakula Pasaka yao.

Anza karibu. Mwonyeshe mbwa kipande, kiweke mbele ya macho yake, mwambie "Tafuta!" Akisha kuelewa, mfungie ndani kidogo uweke vingine mbali zaidi. Cheza asubuhi, jua lisije likamchoma.

Mbwa wawili wasitafute pamoja. Hata waliokua katika nyumba moja hugombana chakula kikiwa chini, na mtoto akiingia kati ataumwa yeye. Kila mmoja apewe zamu, mwingine afungwe kamba. Watoto wasimame nyuma ya mtu mzima, wala wasimpokonye mbwa alichokiona. Fungeni pia lango, maana harufu ya nyama huwaita mbwa wa njiani, na mbwa usiyemjua hujui kama amechanjwa. Mbwa wako mwenyewe awe amechanjwa kinga ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia sindano. Ugonjwa huu ukisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humuua. Lakini sindano zikiwahi, humkinga.

Na mbwa akila chokoleti, msingoje dalili. Huweza kuchelewa saa 6 hata 12, na wakati huo msaada umekuwa mgumu. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Mpigieni simu daktari wa wanyama au bwana mifugo, mkamweleze mambo matatu: uzito wa mbwa, aina na kiasi cha chokoleti, na saa aliyokula. Karatasi ya chokoleti msiitupe. Mchukueni mbwa pamoja nayo, hata kama imebaki nusu, kwa kuwa uzito umeandikwa juu yake.

Mwalimu wenu sasa atawaandikia ubaoni hesabu ya mbwa wa kilo 15 na chokoleti nyeusi. Ifanyeni kabla ya kutawanyika.