HODI YA ANGANI

Leo kalamu na daftari ziwe karibu, maana ziko namba za kuandika.

Kila mmoja wenu anajua kubisha hodi. Ukiingia kwa jirani usiku, kimya kimya, mwenye nyumba atashika rungu. Huenda wewe ulikwenda kuomba chumvi tu, na yeye alikuwa akilinda watoto wake. Neno moja lingaliwaokoa nyote wawili. Somo letu la leo ni juu ya hodi ya ndege.

Sisi wa Tabora tunaijua hodi ya safari tangu zamani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji. Mbele alitembea kirangozi na bendera, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Msafara ulipokaribia mji ulipiga ngoma na kufyatua bunduki hewani. Maana yake: tunakuja waziwazi, hatuji kwa kificho. Jambo hilo lilikuwa na faida, kwani njia ilikuwa na hatari. Mwaka 1871, katika vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa. Nyakati kama hizo, ajaye kimya hudhaniwa adui.

Baadaye hatari ilikuja kwa njia ya juu. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliruka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikatupa mabomu Kigoma, karibu na Ujiji ile ile. Siku hizo mlinzi alitegemea macho na masikio yake tu.

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, kilienea chombo kiitwacho rada. Je, rada hufanyaje kazi? Ukipiga kelele mbele ya jabali, sauti yako hurudi. Huo ni mwangwi. Rada hutuma mawimbi ya redio, ambayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Yakigonga ndege, baadhi yake hurudi. Chombo hupima muda yaliotumia, kikajua ndege iko umbali gani.

Lakini mwangwi hauna jina. Unakuambia kwamba mbele kuna jabali. Haukuambii ni jabali la nani. Kwa hiyo wataalamu walitengeneza rada ya namna ya pili. Hii huuliza swali, na chombo kilichomo ndani ya ndege hujibu chenyewe. Hutaja namba ya tarakimu nne, na kimo cha ndege. Tarakimu zake ni 0 mpaka 7. 8 na 9 hazitumiki. Namba tatu ni za dharura. Ziandike:

7500: ndege imetekwa nyara.
7600: redio ya mazungumzo imeharibika.
7700: ndege imo katika hatari.

Tazama vizuri. Kati ya 7500 na 7600 tofauti ni tarakimu moja tu, lakini moja yaweza kuita askari na nyingine yaweza kuita fundi. Ndiyo maana darasani tunakuhimiza kusoma namba pole pole.

Mwaka 2017 Tanzania ilitia sahihi mkataba wa rada nne za kuongozea ndege za abiria: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Sisi tuko karibu kilometa 300 kusini ya Mwanza. Mawimbi ya rada huenda moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Ndege iliyo juu sana huonekana kutoka mbali. Ikishuka chini, mgongo wa dunia huificha. Hapo rubani na mwongozaji wa ndege hutegemea kuzungumza kwa redio.

Sasa tuje kwenye uchungu wa jambo hili. Mwaka 1978, katika vita vya Kagera, walinzi wetu katika Musoma walitungua ndege za jeshi letu wenyewe, wakidhani ni za Uganda. Rungu lilimpiga mwana wa nyumba.

Na tarehe 8 Januari 2020, karibu na Tehran, nchini Iran, makombora ya ulinzi yalitungua ndege ya abiria ya Ukraine. Watu 176 walikufa. Ndege ile ilikuwa imebisha hodi. Chombo chake kilikuwa kikijibu. Wachunguzi wa Iran walieleza kwamba mtambo wa makombora ulihamishwa, kisha haukurekebishwa upande wake sawasawa. Waliokuwa kwenye mtambo walidhani ndege inatoka upande mwingine, wakafyatua kabla ya kupata jibu la wakubwa wao. Unaona basi: hodi bila msikilizaji haifai kitu.

Siku hizi ndege nyingi hujua mahali zilipo kwa setelaiti, na kujitangaza zenyewe bila kuulizwa. Ni jambo zuri. Lakini katika sehemu za vita majeshi huvuruga mawimbi ya setelaiti, na ndege huweza kutangaza mahali pasipo pake. Kwa hiyo rada ya mwangwi, ile ya zamani, haijatupwa. Moja husikiliza jina, nyingine huhakikisha kwamba mwenye jina yupo.

Ziko pia ndege ndogo zisizo na rubani, zinazopiga picha harusini na mashambani. Nyingi hazijibu rada, na mwangwi wake ni mdogo mno. Katika Tanzania hazirushwi bila kibali. Ukimwona kijana akirusha moja karibu na uwanja wetu wa ndege, usione ni mchezo. Mwulize kibali chake kwa adabu, kisha watu wa uwanja wapewe habari. Anaingia nyumba ya watu bila hodi, na ndani mna abiria.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini misafara ilifyatua bunduki ilipokaribia mji?
2. Rada ya mwangwi na rada iulizayo zinatofautianaje?
3. Andika namba ya ndege iliyoharibikiwa redio.
4. Ndege ya Ukraine ilibisha hodi. Nani hakutimiza wajibu wake? Zungumzeni.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.