Nyumba na Soko Kando ya Stesheni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Kisumu)

Ndugu wanachama, akina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, twawasalimu.

Mkutano uliopita tuliahidi kusema juu ya mambo ya mji, wala si juu ya mishahara. Wengine walinung'unika, wakauliza mji una kazi gani na chama. Basi na tuanze na fedha. Tuseme mwenzetu anakaa Nyamasaria, na nauli ni shilingi 50 kuja na shilingi 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ametoa shilingi 2,600. Hata tukipigania nyongeza ya shilingi 2,000 tukaipata, bado amepungukiwa shilingi 600. Na hiyo ni nauli ya mchana. Sisi tunaoingia zamu saa kumi usiku twajua bei ya bodaboda saa hiyo, na giza lake twalijua pia.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Reli ya kutoka Mombasa, karibu maili 580, ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo hapa Kisumu. Mji ulikua kwa kuifuata reli. Gati likajengwa mwisho wa njia, maghala yakakaa karibu na gati, na landi za wafanya kazi zikawekwa karibu na stesheni. Wazee wetu wa wakati wa injini za mvuke wametusimulia habari za kijana wa kuita, aliyetembea usiku akigonga mlango wa dereva na wa fayamani ili gari la moshi lisichelewe. Kijana yule angewezaje kuwagongea watu walio Nyamasaria? Hatuzisifu landi, maana vyumba vilikuwa vidogo na watoto wengi, na wakoloni walituweka karibu kwa faida yao, si kwa kutupenda. Lakini karibu ni karibu.

Baadaye gari la abiria likapungua mpaka likakoma, mji ukaenea kwenda Kondele, Mamboleo na Nyamasaria ukifuata matatu, na stesheni ikaachiwa nyasi. Kisha njia ya kutoka Nakuru, kilomita 217, ikatengenezwa upya, na Desemba 2021 abiria wakashuka tena hapa. Waliondoka Nairobi Ijumaa jioni, wakafika Jumamosi asubuhi. Wengine wetu tulitokwa na machozi. Lakini abiria aliposhuka alikuta nini? Alikuta vijana wakigombea mzigo wake wampeleke mbali, kwa kuwa alichokitaka hakikuwapo karibu.

Wataalamu wa miji wanashauri hivi: mahali mtu awezapo kufika kwa miguu kutoka stesheni, hapo jengeni kwa wingi nyumba za ghorofa, soko, zahanati, na stendi ya matatu. Abiria watakuwapo daima, gari halitatembea tupu. Jambo hili si ndoto. Huko Japani, karibu na Osaka, bwana mmoja aitwaye Kobayashi Ichizo alikuwa na reli iliyofunguliwa mwaka 1910, ikipita mashambani ambako abiria walikuwa haba. Hakukaa kungoja abiria. Alijenga nyumba kando ya njia, mahali paitwapo Ikeda, akawauzia watu wa mshahara kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 1929 akafungua duka kubwa pale pale kwenye stesheni ya Umeda. Reli ikala nauli, ikala na faida ya nyumba na ya duka. Sisi kila tukidai haki twaambiwa reli haina fedha. Ndugu, ardhi inayoizunguka stesheni ndiyo fedha.

Kisumu imekwisha anza kidogo. Kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, barabara za katikati ya mji, kama Oginga Odinga, zilitengenezewa njia za miguu na za baiskeli. Twashukuru. Lakini njia ya miguu yamfaa nini mtu alalaye mbali? Nasi reli tunayo: mashariki yapita Kibos na Miwani, na ile ya Butere yapita Maseno, Luanda na Yala. Gari la asubuhi la wafanya kazi likitembea huko, mama wa Yala atashuka na mboga zake akute soko mlangoni.

Sasa tusikilizane vizuri. Februari 2021, nyumba za ndugu zetu Wanubi huko Kibos zilibomolewa kwa ajili ya ardhi ya reli. Watu wa reli ni sisi, na hatukutoa neno. Mpango huu mzuri waweza kujengwa hivyo hivyo, juu ya vitanda vya watu, kisha nyumba wakapewa wenye motokaa wasiopanda gari la moshi hata siku moja. Kwa hiyo twataka sehemu ya nyumba hizo ipangishwe kwa kadiri ya mshahara wa mfanya kazi, na iandikwe katika mkataba kabla ya jiwe la kwanza, maana ahadi za mdomo tumezila sana. Atakayehamishwa aonyeshwe kwanza mahali pa kwenda. Na akina mama wanaotuuzia chai na samaki langoni wawe wa kwanza kupewa vibanda.

Mwenzetu mmoja wa karakana amesema yeye atajenga kwao Seme, mambo ya mji hayamhusu. Kweli, dala ni dala. Lakini Jumatatu alfajiri atatoka Seme kwa miguu?

Barua iko mezani kwa katibu. Walio zamu ya usiku wataletewa karakana, na asiyejua kuandika ataweka dole gumba. Wajumbe watano wataipeleka Jumamosi saa nne. Kalamu ziko mbili tu, basi ukimaliza mpe mwenzako.