Kisima cha Tibhirine
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na Wakristo katika siku kuu ya Jubilei)



Katika siku hizi za Jubilei mmekwisha kusikia habari za mwanzo wa jimbo letu: nani alijenga kanisa la kwanza, nani alibatizwa kabla ya wenzake, na jinsi makatekista wa kale walivyokwenda kwa miguu safari za siku nyingi. Habari hizo ni njema, nasi hatutazirudia. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kunena juu ya jirani zetu wasio wa dini yetu, hasa Waislamu, na jinsi mtu wa sala wa dini moja awezavyo kuongea na mtu wa sala wa dini nyingine. Tulipoambiwa tuseme juu ya jambo hili tuliona haya. Sababu yake ni hii.

Zamani, tulipokuwa tukijenga nyumba ya waalimu na darasa la kwanza, hatukuwa na maji. Kisima kilichokuwa karibu kilikuwa cha mzee mmoja Mwislamu. Mzee yule alituruhusu kuteka bila malipo, asubuhi na jioni, muda wa viangazi viwili. Hakutuuliza neno juu ya dini yetu, ila siku moja tu alituuliza kwa nini vijana wetu huteka maji pasipo kulitaja jina la Mungu. Tukacheka, wala hatukumjibu. Baadaye tukapata bomba letu, na ile njia ya kwenda kwake ikaota majani. Alipofariki ilikuwa juma la matayarisho ya siku kuu ya parokia. Kwaya walikuwa katika mazoezi, nasi tulikuwa na shughuli nyingi. Tukamtuma mtoto apeleke rambirambi katika bahasha. Kuzika hatukwenda.

Hakuna aliyetulaumu. Lakini kwa muda sasa tumekuwa tukisoma habari za wamonaki wa Tibhirine, na kila tufikapo mahali panapotajwa kisima, twamkumbuka mzee yule. Basi tutawaeleza habari zao, maana ndizo zilizotufundisha.

Tibhirine ni kijiji katika milima ya Atlasi, nchi ya Aljeria, karibu na mji wa Médéa. Jina lake kwa lugha ya Waberberi maana yake ni bustani. Hapo mwaka 1938 wamonaki Watrapisti kutoka Ulaya walianzisha monasteri ya Mama Yetu wa Atlasi. Labda mtauliza, Aljeria yatuhusu nini sisi watu wa bara, tukaao kati ya pwani na maziwa makuu? Yatuhusu sana. Ni huko Algiers, mwaka 1868, ambako Askofu Mkuu Lavigerie aliwaanzisha Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Kanzu ile nyeupe, na rozari ile iliyoning'inia shingoni, hawakuitwaa Ulaya. Waliitwaa kutokana na mavazi ya watu wa Aljeria, kwa kuwa Lavigerie aliwaagiza waseme lugha ya watu, wale chakula chao, na kuvaa kama wao. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ukashuka pwani yetu, ukapita Tabora, na mwanzoni mwa 1879 wakafika Ujiji na Uganda. Hivyo mavazi ambayo babu zetu waliyaona kuwa ni mavazi ya mapadre, asili yake ni nchi ya Waislamu. Na katika kanisa la Mama Yetu wa Afrika, lililo juu ya kilima kule Algiers, pameandikwa ukutani maneno ya kumwomba Mama Maria atuombee sisi na Waislamu.

Turudi Tibhirine. Wamonaki wale hawakuwa wahubiri wa barabarani. Kazi yao ilikuwa kusali zaburi mchana na usiku, na kulima. Mashamba waliyalima kwa ushirika na wanakijiji. Tena palikuwa na Bruda Luka, mganga, aliyefika miaka michache baada ya kuanzishwa kwa monasteri. Yeye alitibu wagonjwa wa kila namna bila malipo karibu miaka 50. Wanakijiji walipokuwa hawana msikiti, wamonaki wakawapa chumba katika uwanja wa monasteri wapate kuswali. Basi kengele na adhana zikasikika katika uwanja mmoja.

Mkubwa wao wa mwisho aliitwa Christian de Chergé, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1937. Alipokuwa kijana, mnamo 1959, alikuwa askari wa Ufaransa katika Aljeria, wakati wa vita vya uhuru. Huko alikuwa na rafiki jina lake Mohammed, mlinzi wa kijiji, baba wa watoto 10, Mwislamu mcha Mungu. Siku moja wakakutana na watu wenye silaha, na Mohammed akamkinga rafiki yake, akisema kwamba huyu hana ubaya na Waislamu. Alijua atalipa. Christian akamwahidi kwamba atamwombea, naye Mohammed akajibu kwamba ajua hivyo, lakini Wakristo hawajui kusali. Kesho yake akakutwa ameuawa karibu na kisima chake.

Tafadhalini, waalimu, tukae kidogo katika neno hili, kwa kuwa ndilo lililotuchoma sisi. Yule mtu hakusema kwamba imani ya Wakristo ni ya uongo. Alisema hajawaona wakisali. Wazungu aliowajua walikuwa na bunduki, magari na ofisi. Magoti yao hakuyaona. Mzee wetu wa kisimani naye alituuliza jambo lilo hilo kwa upole zaidi, akajibiwa kwa kicheko. Christian hakucheka. Alipewa upadre mwaka 1964, akaingia Utrapisti, na mwaka 1971 akaja Tibhirine akae maisha yake yote kati ya watu wa Mohammed kama mtu wa sala. Kisha alikwenda Roma miaka miwili kujifunza Kiarabu na Uislamu katika chuo ambacho chanzo chake ni nyumba ya Mapadre Weupe iliyofunguliwa Tunis mwaka 1926.

Usiku mmoja wa Ramadhani, mwezi Septemba 1975, alikuwa peke yake kanisani baada ya sala ya mwisho. Mgeni mmoja Mwislamu aliyelala katika nyumba ya wageni akaja karibu naye, akamwomba amwombee. Wakasali muda mrefu, huyu akitoa neno na yule akitoa neno, kila mtu katika imani yake. Christian alilikumbuka jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1979 yeye na Padre Claude Rault, mmoja wa Mapadre Weupe, wakaanzisha kikundi walichokiita Ribat es-Salam, maana yake kiungo cha amani. Mwaka uliofuata Masufi wa Médéa wakajiunga nao. Hao walikuwa wa tarika ya Alawiya. (Watu wa pwani wasidhani ni Alawiya ya masharifu wa Lamu na Unguja, hii ni ya Sheikh Ahmad al-Alawi wa Mostaganem, aliyefariki 1934.) Masufi waliwaambia tangu mwanzo kwamba hawataki kushindana kwa mafundisho, maana huko watu wamejenga kuta nyingi. Wakakutana mara mbili kwa mwaka. Walikaa kimya, wakasali, wakasimuliana yale ambayo Mungu amewatendea, na kabla ya kuachana walichagua neno moja ambalo kila mtu atalifikiri na kulitenda nyumbani kwake mpaka mkutano ujao.

Huku kwetu njia tuliyoizoea ni nyingine. Tangu miaka ya 1980 tumeona mihadhara ya uwanjani, Mkristo ameshika Kurani na Mwislamu ameshika Biblia, kila mmoja akitafuta kosa katika kitabu ambacho hakiheshimu. Tulihudhuria mingi, tena siku nyingine tulishangilia. Hatukumwona hata mtu mmoja aliyetoka pale akaenda kusali.

Sasa habari ya kisima. Palikuwa na kijana wa kijiji, Mwislamu, aliyezoea kuja kwa Christian wazungumze mambo ya roho. Ikatokea Christian kushikwa na kazi nyingi, wasionane. Yule kijana akamwambia kwamba ni siku nyingi hawajachimba kisima chao. Tangu hapo wakayaita mazungumzo yao kuchimba kisima. Siku moja Christian akamtania, akamwuliza: huko chini tutakuta maji gani, ya Kiislamu au ya Kikristo? Kijana akamtazama, nusu anacheka, nusu anasikitika kwamba bado anauliza, akajibu kwamba huko chini watayakuta maji ya Mungu.

Tunajua kwamba wako kati yenu waliokunja uso. Mwalimu mmoja alitwambia waziwazi: basi kama maji ni mamoja, kwa nini tunafundisha katekisimu? Swali lake ni la haki. Hatusemi kwamba dini zote ni sawa, wala Kanisa halisemi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulinena mambo mawili pamoja: kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, na kwamba halina budi kumtangaza Kristo daima. Mwenye kuacha moja ameacha nusu. Wala msifikiri kwamba Christian alimficha Kristo ili apendwe. Sikilizeni yaliyotukia.

Desemba 1993 Aljeria ilikuwa imeingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 14, si mbali na monasteri, wafanya kazi 12 kutoka Kroatia walichinjwa. Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia Noeli, watu wenye silaha wakaingia monasterini, na kiongozi wao alikuwa ndiye aliyesemwa kuwa aliwachinja wale. Wakataka mganga, dawa na fedha. Christian akawaambia kwamba nyumba hii ni ya amani, haiingiwi na silaha, wazungumze nje. Mganga ni mzee, hawezi kupanda milimani. Mgonjwa akija atatibiwa kama wagonjwa wote. Fedha hawana. Kisha akamwambia kwamba usiku huo wanajitayarisha kuadhimisha kuzaliwa kwa Mfalme wa Amani, ambaye wao humwita Isa. Yule mtu akajibu kwamba hakujua, akaomba radhi, akaondoka. Je, ni mihadhara mingapi iliyomtangaza Kristo hivyo mbele ya mtu mwenye damu mikononi?

Wamonaki wangeweza kurudi Ulaya. Wakashauriana mara nyingi, wengine kwa hofu kubwa, mwisho wakakaa, kwa kuwa majirani zao hawakuwa na pa kukimbilia. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Machi 1996 saba kati yao wakachukuliwa, pamoja na Bruda Luka mwenye umri wa miaka 82. Mwezi Mei wakatangazwa kwamba wameuawa. Walizikwa Tibhirine tarehe 4 Juni, na jirani zao Waislamu walikuwapo.

Siku ya Pentekoste ya mwaka ule ilifunguliwa barua ambayo Christian aliiacha kwa jamaa zake. Ndani yake alikuwa amemsamehe kabla ya wakati mtu atakayemwua, akimwita rafiki, akitumaini kuonana naye mbinguni. Tena aliomba watu wasiwahesabie Waislamu wote hatia ya kifo chake. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mapadre Weupe wanne waliuawa Tizi Ouzou tarehe 27 Desemba 1994. Askofu Pierre Claverie wa Oran aliuawa kwa bomu tarehe 1 Agosti 1996, pamoja na dereva wake Mohamed Bouchikhi, kijana Mwislamu, damu zao zikachanganyika sakafuni. Kanisa liliwatangaza mashahidi 19 wa Aljeria kuwa Wenyeheri mjini Oran tarehe 8 Desemba 2018, na Waislamu walikuwapo katika ibada ile.

Sisi hatujaombwa damu. Tuliombwa kwenda kuzika, tukatuma bahasha.

Baada ya kusoma habari hizi tulikwenda. Tulikuwa tumekwisha chelewa, siku ilikuwa ya hitima ya arobaini. Tulivua viatu mlangoni, tukaketi mkekani pamoja na watu, nasi tulikuwa watatu tu: mwalimu mkuu, katekista, na sisi tunaosema maneno haya. Walisoma Kurani, tukasikiliza. Walipomaliza, mwana mkubwa wa marehemu alisimama, akawaambia jamaa zake kwamba hawa ndio waliokuwa wakiteka maji kwa baba. Kisha akatugeukia, akasema kwamba baba alikuwa akituuliza habari zetu mpaka alipougua. Akatuomba tumwombee marehemu kwa namna yetu.

Katekista wetu, aliyefundisha watu kusali kwa miaka 30, akatutazama, nasi tukamtazama yeye. Hatukuwa tumetayarisha neno. Tukamwomba Mungu kimya, na wale wenye nyumba wakanyamaza nasi mpaka tulipoinua vichwa. Ndipo wakaleta kahawa na tende, na mwana yule akatuuliza kama bomba letu bado latoa maji wakati wa kiangazi. Tukamwambia kweli, kwamba mwaka huu limekauka tangu Agosti. Akasema kisima kipo.