Kulala Nje na Mifugo: Jihadharini na Kichuguu

Mazungumzo ya afisa wa mifugo na wafugaji wa Pokot Magharibi, siku ya chanjo ya mbuzi

Kabla mbuzi hawajafika nataka tuzungumze jambo ambalo si la mbuzi. Najua mtauliza, huyu wa mifugo ana haja gani na malazi ya watu? Haja ninayo. Kiangazi kikikaza, anayehama na ng'ombe kufuata nyasi habebi nyumba. Anabeba shuka, ngozi ya kulalia, kibuyu na fimbo. Usiku unamkuta popote ng'ombe walipochoka. Kabla sijaenda kusomea cheti changu nililala hivyo misimu mingi, na wengi wenu mnalala hivyo hadi leo.

Mkiniuliza hatari ya kulala nje ni ipi, mtanitajia fisi, nyoka, nge na wezi wa mifugo. Hizo mnazijua kuliko mimi. Mimi nataka kumtaja mdudu mmoja ambaye hata hamumsikii akija.

Mdudu huyu ni usubi. Ni mdogo kuliko mbu, kama theluthi yake tu, rangi yake ni ya vumbi, na akitua husimamisha mabawa yake juu. Halii sikioni kama mbu. Mchana hujificha mahali penye giza na unyevunyevu: ndani ya matundu ya kichuguu, kwenye mashimo ya wanyama, katika nyufa za ardhi na magome ya miti. Jua likizama hutoka kutafuta damu, na huuma mpaka alfajiri. Jike lililobeba vijidudu likikuuma, linakuachia kala-azar.

Sasa fikirini tunavyoishi. Mchungaji akitaka kuona kundi lake lote jioni, anapanda wapi? Juu ya kichuguu. Akitafuta pa kujikinga na upepo usiku, anaegemea wapi? Kichuguu hichohicho, au chini ya mgunga wenye magome yaliyopasuka. Tunamfuata usubi nyumbani kwake saa ileile anayoamka na njaa.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifika kwenye kambi moja ya malisho kuchanja ng'ombe. Kijana wa miaka kama 13 alikuwa amelala kivulini, ana homa. Baba yake akaniomba nimdunge ile dawa ya manjano tunayowadunga ng'ombe. Nilikataa, na hapo nilifanya vyema. Lakini nikasema, "Hii ni malaria tu, atapona," nikawasha pikipiki nikaenda zangu. Sikuuliza homa ilianza lini. Niliporudi baada ya wiki sita mbavu zake zilihesabika, tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto, na lilikuwa na chale za wembe alizochanjwa ili uvimbe utoke. Tulimbeba hadi hospitali. Alipona, lakini kwa kuponea chupuchupu. Lile swali moja nililoliacha lingemwokolea wiki sita.

Kwa hiyo leo nawaachia swali hilo ninyi: homa ina siku ngapi? Ikipita wiki mbili, hasa kama dawa ya malaria imeshindwa, msingoje. Tazameni kama mtu anakonda huku tumbo linakua. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, ndiko wengu ulipo, na kala-azar huufanya uvimbe mpaka ukaushika kwa mkono. Damu hupungua, mtu huchoka, pengine hutoka damu puani. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa.

Jambo linalotupoteza ni kwamba ugonjwa hauji kesho yake. Unaweza kukaa miezi kadhaa mwilini kabla ya kuonekana. Kijana anaumwa kiangazi huko mbali, anaugua mvua zimeshanyesha yuko nyumbani anakunywa maziwa, na hakuna anayekumbuka kile kichuguu.

Kuchanja tumbo hakutoi wengu. Kunaongeza kidonda kwa mtu asiye na damu ya kutosha. Dawa ya ng'ombe nayo haiui vijidudu hivi. Inakula siku zenu na pesa zenu. Hospitalini hupimwa tone la damu, na majibu hayachukui muda. Hospitali ya Kacheliba inatibu ugonjwa huu. Mliovuka mpaka na mifugo kuingia Uganda, hospitali ya Amudat pia inautibu. Matibabu ya kawaida ni sindano za dawa mbili kwa siku 17 mfululizo, mgonjwa akiwa hospitalini. Naelewa siku 17 ni nyingi, na najua swali la kwanza nyumbani huwa ni nani atachunga. Pangeni hilo mapema, ndugu kwa ndugu. Mgonjwa asitoroke siku ya kumi kwa kuwa homa imeshuka.

Tulale vipi basi? Usubi hawezi kuruka vizuri kwenye upepo, na hurukia chini chini. Chagueni mahali palipo wazi, penye upepo, mbali na vichuguu na mashimo. Najua, wezi wakiwa karibu kijana atapendelea kichaka kuliko uwanja, wala siwezi kumlaumu. Huyo ndiye anayehitaji neti kuliko wote. Iwe neti yenye dawa, kwa sababu matundu ya neti ya kawaida usubi hupenya. Chomekeni vijiti vinne ardhini, fungeni pembe za neti, kisha pindo lake lilaliwe chini ya ngozi pande zote. Ikifuliwa ianikwe kivulini. Jua kali huharibu dawa yake. Moshi wa kinyesi kikavu unasaidia kidogo, ila moto ukizimika saa nane za usiku, usubi bado yuko macho.

Akina mama, mara nyingi neti hubaki nyumbani na anayeenda malishoni huenda mikono mitupu. Mnapomfungia kijana posho na chumvi, mfungieni na neti. Haina uzito wa kumlemea.

Na kama kuna mtu hapa nyumbani kwake mwenye homa ya muda mrefu, aje aniambie pembeni kabla sijaondoka leo. Pikipiki yangu ina nafasi ya mtu mmoja mpaka barabarani.

Naona vumbi, mbuzi wanakuja. Tutaanza na wa mzee aliyetoka mbali.