Sura Hii Imeletwa na Nani? Mada kwa Semina ya Walimu, Wazee na Vijana, Bura



Nimeombwa nizungumzie watu wa kwenye skrini ambao hawakuzaliwa na yeyote: sura zilizoundwa na kompyuta zikafanana na binadamu kwa uso, kwa sauti, hata kwa kupepesa macho. Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Bura na kule Mwatate ni moja: nitajuaje kwamba huyu si mtu? Ni swali la haki, lakini naamini halitatufikisha mbali. La kuuliza ni nani ameileta sura hii mbele yangu, na nani kamruhusu. Wataita walikuwa na jibu la swali hilo zamani, tena kuhusu sura nzito kuliko zote, ya marehemu.

Nianze na moyo kabla ya jicho. Februari 2020, televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilionyesha mama aliyevishwa miwani ya kompyuta akakutanishwa na umbo la binti yake, aliyefariki 2016 akiwa na miaka saba. Mama alijua vyema kwamba mwanawe hayupo. Hata hivyo alinyoosha mikono kumgusa, akalia. Hapa Kenya, mwishoni mwa 2024, picha za Rais akiwa ndani ya jeneza, kazi ya akili unde, zilienea mitandaoni. Aliyezitazama alijua Rais yu hai. Zilichoma vilevile, na miongoni mwa vijana waliotekwa Desemba ile, baadhi yao wakaachiliwa Januari 2025, walikuwemo waliozisambaza. Tunaitikia sura kabla hatujaamua kama tunaiamini. Byron Reeves na Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford waliliandika hilo tangu 1996: mtu huionyesha kompyuta adabu ileile anayomwonyesha mwenzake, na ukimuuliza atakana.

Lakini si kila sura hupokelewa vizuri. Mwaka 1970 mhandisi wa Japani, Masahiro Mori, alichora mstari unaopanda: kadiri roboti inavyofanana na mtu ndivyo tunavyoipenda. Ikikaribia kabisa kufanana, mstari unaporomoka ghafla, na mapenzi yanageuka kuwa kitisho. Ndani ya bonde hilo Mori aliweka maiti. Alidhani kitisho hicho ni silika ya kujilinda.

Hapo ndipo mimi na Mori tunapoachana kidogo, na sababu iko katika milima hii ya Taita. Wazee wetu walimzika mtu, na baada ya muda, mwaka au zaidi, fuvu lake likafukuliwa na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliotangulia. Mapango hayo yapo hadi leo. Ukame ukizidi, au ugonjwa ukiiandama nyumba, wazee walikwenda pale kuwaomba hao waliotangulia. Kwa hesabu ya Mori, fuvu lingekuwa ndani ya bonde hilo. Kwa Mtaita lilikuwa babu. Kilicholitoa kitisho ni utaratibu: pango ni la ukoo fulani, anayeingia anajulikana, anaingia kwa haja inayojulikana, na hakuna anayemchukua babu wa mwenzake. Sisemi turudi mapangoni. Misheni ilifika Sagalla 1883 na hapa Bura 1892, na wengi wetu tuliomo ukumbini ni watoto wake. Ninachotaka tukirudie ni ule utaratibu.

Maana leo fuvu liko mfukoni mwa kila mtu. Februari 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa programu inayoifanya picha ya marehemu igeuze kichwa na kutabasamu. Waliiacha bila sauti kwa makusudi, wakihofia matumizi mabaya. Wengine hawakuuona mpaka huo. Sasa picha moja ya mazishi na ujumbe mfupi wa sauti wa WhatsApp vinatosha kumsemesha mama wa mtu maneno ambayo hakuyasema maishani mwake.

Kuhusu jicho nitasema kwa ufupi, kwa kuwa limekwisha kushindwa. Mwaka 2022 Sophie Nightingale na Hany Farid walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa nyuso halisi na za kompyuta. Walipatia kwa asilimia 48.2, yaani afadhali wangerusha shilingi. Wengine waliofundishwa dalili za kutazama walifika asilimia 59 tu. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba nyuso za kompyuta zilionekana za kuaminika kuliko za watu halisi, kwa asilimia 7.7. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alishuku barua pepe iliyomtaka atume pesa. Kisha akaitwa kwenye mkutano wa video, akawaona na kuwasikia wakubwa na wenzake, shaka ikamtoka. Dola za Hong Kong milioni 200 zikaenda. Waliokuwa mkutanoni naye wote walikuwa bandia.

Sisi tunaijua hila hii tangu ile meseji ya «ile pesa tuma kwa hii namba». Ilitunasa bila uso wowote. Watoto wetu wako Mombasa, Nairobi, Saudia na Qatar, na siku moja mmoja wao atatokea kwenye simu ya mama yake akilia, ameshikwa, anataka pesa upesi. Mama asihangaike kuchunguza midomo na macho. Akate simu, ampigie mwanawe kwa namba anayoijua, amuulize jambo la nyumbani ambalo halijapata kuandikwa popote. Akikuta simu imezimwa, ampigie shangazi, ampigie jirani wa mwanawe huko aliko. Mwana wa kweli hataudhika kwa kuulizwa.

Kwa walimu wa shule za bweni: mwanafunzi akiutumia uso wa mwenzake kutengeneza picha ya aibu, msiiite utani. Aliyefanyiwa anaumia hata kila mmoja akijua ni uongo. Sababu ni ile niliyoanza nayo: tunaitikia sura kabla hatujaamua kama tunaiamini. Jambo hili litiwe katika kanuni za shule kabla halijatokea.

Na kwa wazee, naomba kamati za mazishi zichukue kazi moja ya ziada. Pamoja na jeneza, matanga na michango, ukoo ukubaliane picha na sauti za marehemu zitatunzwa na nani, na kwamba asiyepata idhini ya huyo asimfufue marehemu kwenye simu, hata kwa nia njema. Yaandikwe kwenye daftari lile la michango, na jina la mtunzaji lisomwe mbele ya watu siku ya maziko.